Rangi ya Mkono wa Foibe

Ujumbe ulinikuta dukani kwangu Vwawa nikinywa chai, na kwa muda niliendelea kukishika kikombe kama mtu ambaye hajaambiwa kitu. Ulitoka kwa Ambele, mtoto wa kaka yake Foibe, yule aliyenifundisha kazi ya uchapaji. "Aunti, shangazi ametutoka alfajiri. Tunamzika nyumbani Ikinga keshokutwa. Tunaomba utufanyie picha ya kubeba mbele ya jeneza. Hii niliipata kwenye simu. Mng'arishe kidogo." Nililia kwanza. Kisha nikarudi kusoma pale aliposema mng'arishe, nikakasirika, na nashukuru, maana hasira ndiyo iliyoniinua kwenye kiti. Foibe aliwahi kumfungulia mteja mlango na kumwonyesha barabara kwa sababu ya neno hilo hilo, na leo mtoto aliyemlea mwenyewe ndiye anamwombea kung'arishwa. Nikaifungua ile picha. Simu za siku hizi humpaka mtu poda bila kumuuliza: mashavu laini, paji la uso limepauka, pua imekonda. Macho yalikuwa yake. Ngozi ilikuwa ya mtu mwingine kabisa.

Nilifanya kazi kwa Foibe mwaka mmoja tu, na mpaka leo watu wakiniuliza nilisomea wapi uchapaji, nasema Tunduma. Nilizaliwa na nani na nani alinilipia shule havihusiani na habari hii. Inatosha kujua kwamba nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, najua kutumia kompyuta vizuri na kujisifu vizuri zaidi. Siku hizo Songwe lilikuwa bado jina la mto tu. Mkoa wetu ulikuwa Mbeya, na mtu wa Tunduma aliyetaka jambo kubwa alipanda gari kwenda huko. Biashara ndiyo haikuhitaji kwenda popote, ilikuja yenyewe kwa malori. Kila mtu alitaka kitu kilichochapwa: kadi za harusi, fulana za timu, bango la duka, ratiba ya ibada ya mazishi. Kompyuta zilikuwa zimefika, printa za wino wa chupa zimefika, na kila mwenye chumba na umeme akajiita mchapaji. Rangi ndizo zilizokuwa hazijafika. Uliona bluu bahari kwenye skrini, ikatoka zambarau kwenye karatasi, ukaambiwa eti ndivyo mashine ilivyo.

Duka la Foibe lilikuwa na vyumba viwili nyuma ya barabara ya mpakani. Cha mbele kilikuwa na kaunta, kompyuta mbili, printa, na mashine ya kupigia pasi fulana. Skrini zote mbili alikuwa amezivisha maboksi ya mafuta ya kula yaliyokatwa upande mmoja, yakapakwa rangi nyeusi kwa ndani, ili mwanga wa dirishani usigonge kioo. Mtu akiingia mara ya kwanza alidhani tunafuga kuku. Printa ilifunikwa kwa kitenge kilichofuliwa kila Jumamosi, kwa sababu ya vumbi la malori, na ole wako uifunue kabla hujapangusa meza. Chumba cha nyuma kilikuwa jiko. Hapo tulikula mchana, ugali na kapenta, wale dagaa wakavu wa ng'ambo Zambia, au ndizi ambazo mama yake alizituma kutoka Ikinga zikiwa zimefungwa kwenye gunia pamoja na maparachichi. Baada ya kula tulinawa kwa sabuni mara mbili, kisha Foibe alikunusa vidole. Sitanii. Mwanamke mzima alishika mkono wako na kuupeleka puani. "Kapenta bado," alisema, na ulirudi kwenye ndoo.

Msije mkadhani alikuwa mtu wa pole. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde, aliyevaa vitenge vya rangi zinazopigana na kuvishinda vyote. Alisoma uchapaji chuo Dar es Salaam, akafanya kazi kiwandani Kitwe, Zambia, miaka kadhaa, na hakuacha mtu yeyote asahau. "Mimi nimesomea," alisema, hata kwa mteja aliyekuja kutoa nakala ya cheti. Aliimba tenzi akiwa kazini, vibaya, bila aibu. Mimi alinipenda tangu wiki ya kwanza na alinigombeza tangu siku ya kwanza. "Mdogo wangu Sabina," aliniambia nilipomwonyesha kadi yangu ya kwanza iking'aa kwenye skrini, "hiyo ni taa. Unapenda taa. Sasa chapa tuone." Nikachapa. Ilitoka imezubaa kama nguo iliyofuliwa na majivu. Hakunicheka. Alivuta kiti akakaa karibu yangu, akaniambia kwamba skrini inatengeneza rangi kwa kuwasha na karatasi inatengeneza rangi kwa kunywa wino, na kwamba hakuna wino duniani unaowaka. "Kazi yako si kumfurahisha mteja kwenye kioo. Kazi yako ni kujua karatasi itasema nini kabla haijasema."

Na namna yake ya kujua ilikuwa ukuta. Ukuta mzima wa kushoto ulikuwa umebandikwa vipande vidogo vya karatasi vilivyochapwa rangi, kila kipande na namba zake kwa penseli: bluu kiasi hiki, waridi kiasi hiki, njano kiasi hiki, nyeusi kiasi hiki. Pembeni ya vipande alikuwa amebana kwa pini vitu halisi. Ganda la hindi. Buni mbivu kutoka Ileje, ambayo ilikauka ikabadilishwa kila msimu. Vipande vya vitenge, jani la mgomba, sufi, manyoya ya jogoo. Mteja hakuruhusiwa kutaja jina la rangi. Ukisema "nataka damu ya mzee", Foibe alikujibu, "Mzee gani?" Kwa sababu alikwisha kuona kwamba damu ya mzee ya mwanakwaya wa Ileje na damu ya mzee ya dereva wa lori si damu moja. Kijana mmoja kutoka machimbo ya Saza alikuja kutaka fulana za timu yao ziwe rangi ya dhahabu. "Dhahabu ya pete au dhahabu ya kwenye karai?" Yule kijana akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaenda ukutani, akaangalia sana, akaweka kidole. Na akina mama wa Nakonde walipovuka na vitenge vyao wakitaka kadi zifanane navyo, walisimama mbele ya ukuta ule kama wanachagua nyanya. "Awe mukwai," walisema wakikataa, "awe, si hii," wakasogea, wakakataa tena, mpaka likaja "eya!" moja la nguvu, nasi tukajua tumefika. Kipande kilichochaguliwa kilibanduliwa, kikapelekwa nje juani, kikalazwa juu ya kitenge chenyewe. Ukutani ulichagua; juani ndipo ulipoamua.

Juu ya vipande vyote, peke yake, palikuwa na nafasi ya kipande kimoja ambacho hakikukaa ukutani. Kilikaa ndani ya kopo la majani ya chai, gizani, kisichakae. Ulikuwa ukanda wa karatasi upana wa vidole viwili, kahawia nzito iliyoiva, na haukufanana na kitu chochote kilichobanwa pale. Kila asubuhi, kabla ya kazi ya mteja, Foibe alichapa ukanda mwingine kama ule, akatoka nao barazani, akapandisha mkono wa gauni, na kuulaza kwa ndani, kati ya kiwiko na kiganja, mahali ambapo jua halifiki. Kisha akafumba macho, akayafumbua. Kama ukanda ulionekana, mashine ilikuwa mgonjwa siku hiyo: kichwa cha kutoa wino kimeziba, wino umeisha nguvu, karatasi imekuja ya aina nyingine. Kama ukanda ulipotea mkononi, tulianza kazi. "Mashine ikinipata mimi," alisema, "itampata kila mtu." Mwanzoni nilidhani ni majivuno. Watu wengine wanapima mizani kwa jiwe, yeye anapima dunia kwa mkono wake! Lakini nilivyoendelea kuona, niliona kwamba hakuna rangi ngumu kuliko ile. Nyekundu ikikosea kidogo bado ni nyekundu. Ngozi ya mtu mweusi ikikosea kidogo, mtu anaumwa, au amekasirika, au amekufa.

Ukuta wa kulia ulikuwa wa mbao nyembamba, na nyuma yake palikuwa na kinyozi, kwa hiyo tulisikia kila kitu walichosema wanaume wakinyolewa. Siku moja tulikuwa tunakula, tukasikia wanatujadili. "Huyu Mama Rangi anawachapa watu kama walivyo," alisema mmoja. "Sasa nani anataka kuonekana kama alivyo?" Wakacheka. Mwingine akasema pale kwa mchapaji jirani, mtaa wa pili, unatoka mweupe kama sembe, hata mama mkwe anakukubali. Nilimtazama Foibe nikitegemea ngurumo. Aliendelea kumega ugali. Kisha akasema polepole, na hilo ndilo lililonishangaza, kwamba kule Kitwe alichapa kalenda za kampuni miaka mingapi sijui, na kila mwaka mkubwa wake alimwagiza awafanye wasichana wa kwenye kalenda wawe weupe kidogo, na kila mwaka alifanya. "Nikarudi likizo Ikinga, nikakuta mama ametundika kalenda yangu ukutani. Akaniuliza, hawa ni watu wa wapi?" Akanawa mikono mara mbili, mwenyewe, bila kunuswa, akarudi kazini.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa ya masika, mawingu yanakuja na kuondoka. Alikuja mzee mmoja na jamaa zake, Wasukuma waliohamia bonde la Momba na ng'ombe wao, upande wa Chitete. Mzee aliitwa Masanja. Mkewe alikuwa amefariki hospitali usiku uliopita. Mwili ulikuwa mochwari, gari la kuupeleka nyumbani limekwisha kukodiwa, na dereva alisema lazima waondoke kabla ya jioni kwa sababu mvua ikinyesha barabara ya Chitete haitapitika. Dada wa marehemu, mama mnene mwenye khanga begani, aliweka juu ya kaunta picha iliyochapwa upya, ikiwa ndani ya fremu. Ilitoka kwa yule jirani wa mtaa wa pili. Mwanamke kwenye fremu alikuwa mweupe, tena mweupe wa kung'aa, midomo ya waridi. Pembeni yake akaweka picha ndogo ya zamani, ya kitambulisho, iliyokaa ukutani miaka hadi jua likaila na kuiacha nyekundu kama tofali. Hiyo ndiyo picha pekee waliyokuwa nayo.

"Wametutengenezea hii," alisema yule mama. "Sisi tulishapokea. Shemeji ndiye amekataa."

Mzee Masanja alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, hajaingia. "Mimi sitatembea nyuma ya mtu nisiyemjua," alisema. Hakupaza sauti. "Kama hakuna picha yake, tubebe msalaba peke yake. Lakini yule msimbebe mbele yangu."

Foibe alizunguka kaunta, akapiga goti kidogo. "Shikamoo baba. Pole sana kwa msiba." Kisha akaichukua ile picha nyekundu, akaitazama muda mrefu, akauliza swali ambalo sikuwahi kusikia mchapaji akiuliza. "Kati yenu, nani amechukua rangi yake?"

Basi hapo pakawa na kesi. Dada wa marehemu akasema ni yeye, wamezaliwa tumbo moja, akapandisha khanga. Mtoto mkubwa wa kiume akasema hapana, mama alikuwa maji ya kunde. Mwingine akasema mama alikuwa mweusi kabisa, yule wa maji ya kunde ni bibi. Wakatoka wote barazani, wakanyoosha mikono kwenye jua, mikono mitano sita imepangwa kama mihogo sokoni, kila mmoja akiuelekeza wake, na wale wabadilisha kwacha, watu wa kubadilisha fedha waliokaa barazani petu, nao wakaacha shughuli zao na kutoa maoni, ingawa marehemu hawakumjua. Foibe aliwaacha wabishane. Aliniambia baadaye kwamba watu wakibishana juu ya rangi wanakumbuka. Wakikubaliana haraka wanakubembeleza wewe. Mwisho aligeuka kwa Mzee Masanja. "Baba, wewe?"

Mzee alimwita binti yake wa mwisho, Milembe, msichana aliyekuwa amelia mpaka macho yamevimba. Akamsogeza kichwa taratibu kwa vidole viwili, akagusa shingo chini ya sikio. "Hapa," alisema. "Usoni si yeye, mkononi si yeye. Hapa ndipo alipo mama yake." Wale waliokuwa wamenyoosha mikono wakaishusha. Hata mimi niliona haya kidogo, kama nimefungua mlango bila kubisha hodi. Mtu ameishi na mwanamke miaka mingapi hata ajue rangi yake ipo wapi kwenye shingo ya mtoto?

Ndipo nikamwona Foibe kazini, na ndipo nilipoacha kujisifu. Kwanza alitoa ukanda wake kwenye kopo, akaulaza chini ya sikio la Milembe, akaona umbali uliopo: marehemu alikuwa mweusi kuliko yeye, na weusi wake ulikuwa na ujotojoto kwa chini. Tukachapa vipande vitatu, nikatoka navyo mbio barazani. Cha kwanza kilikuwa chekundu. "Waridi imezidi, punguza." Cha pili, mimi kwa kujua kwangu nilikuwa nimeongeza wino mweusi ili kufika haraka, na juani kilionekana cha kijivu, kama mtu aliyejipaka majivu. Foibe alikishika akanitazama. "Sabina. Weusi wa mtu hautoki kwenye chupa nyeusi. Chupa nyeusi ni ya maandishi." Akakaa mwenyewe kwenye kompyuta, akautoa karibu wote ule weusi, akaanza kuujenga upya kwa zile nyingine tatu, njano kwanza, waridi nyuma yake, kisha bluu kidogo kidogo, kama mpishi anayeonja mchuzi. Tukachapa. Tukatoka. Wingu likafunika jua.

Tukasimama pale barazani wote tukiangalia juu. Dereva wa gari alikuja mara ya kwanza, akasema wachelewe tu lakini tope asilaumiwe yeye. Yule dada wa marehemu akasema, "Mama, kipande hiki si kinatosha? Mbona naona kinafanana?" Foibe akasema chini ya wingu kila kitu kinafanana. Kijana mmoja akashauri tukitazame chini ya taa ya dukani, na Foibe akamjibu kwa upole ambao sikuujua, kwamba taa ya dukani ni ya bluu, itampaka mama yao bluu na hawatajua mpaka wafike Chitete. "Mtambeba nje. Kwa hiyo tumtazame nje." Mzee Masanja alikaa kwenye ngazi, fimbo katikati ya magoti. Nilimletea chai na kitumbua, akanywa chai. Dereva alikuja mara ya pili, akapiga honi bila kushuka. Nilimtazama Foibe, nikaona anakigeuza kile kipande na kukigeuza tena, na nikatambua kwamba mwanamke yule mwenye maneno yote yale alikuwa anaogopa. Angekosea, mzee angezika mkewe bila uso. Hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kuchapa chochote, wangeshukuru wakaondoka.

Jua likatoka. Foibe akalaza kipande chini ya sikio la Milembe, akaondoa mkono wake. Kilibaki pale kimenata kwa jasho, na kwa kitambo sikukiona. Nakiri nilikitafuta. Tukarudi ndani mbio. Akaisafisha ile picha nyekundu, mashavu, paji, kivuli cha pua, akiipa ngozi ile tuliyoipata, bila kulainisha kunyanzi hata moja. Karatasi ikatoka kwenye mashine pole pole, nywele, macho, mdomo. Akaitoa nje mwenyewe kwa mikono miwili, akapiga tena goti mbele ya ngazi.

Mzee Masanja aliitazama. Kisha akasema, "Ndiye."

Neno moja tu. Yule dada wa marehemu akaangua kilio pale pale barazani, "Wabeja, wabeja," akimshukuru Foibe kwa Kisukuma huku amemshika mabega, na wabadilisha kwacha wakavua kofia. Fremu ikawekwa picha mpya, gari likaondoka, na lile wingu likafika kweli nusu saa baadaye likamwaga mvua yote. Foibe alikaa kwenye kiti bila kuimba. Nilimpelekea ugali, hakula. "Unajua kwa nini naanza na mkono wangu kila asubuhi?" aliniuliza. Nikasema ili kupima mashine. "Ndiyo. Na pia ili nisiwe mtu wa kalenda tena." Nilimpenda sana siku ile. Sijui namna nyingine ya kulisema. Nimefanya kazi na watu wengi wenye vyeti, wengine wajuzi kweli, lakini sijaona tena mtu ambaye ujuzi wake wote na majivuno yake yote viliinama namna ile mbele ya shingo ya msichana.

Mwaka ulipoisha nilifungua duka langu Vwawa. Alinigombeza wiki nzima, kisha akanipa ukanda uliochapwa siku ile ile ndani ya kopo la majani ya chai, pamoja na namba zake. Tangu hapo kila asubuhi nachapa mkono wa Foibe. Mashine nimebadilisha mara nyingi, na kila mashine mpya nimeihangaikia mpaka impate. Na kila nilipokwenda Tunduma, kabla ya shikamoo, kabla ya maji ya kunywa, alipandisha mkono wa gauni nami nikalaza ukanda wangu wa asubuhi hiyo. Mara nyingi ulipotea. Siku ulipoonekana alinirudisha Vwawa na maneno ya kutosha wiki mbili.

Mara ya mwisho ilikuwa miezi michache iliyopita, alipokuwa amekwisha kuugua. Nilimkuta kitandani, amekonda, sauti imebaki ndogo lakini ubishi ule ule. Akanyoosha mkono mwenyewe. Nikalaza ukanda, na ukaonekana, wazi kabisa, mweusi na mzito juu ya ngozi iliyokuwa imepauka kama jivu la jana. Nilitaka kuuondoa haraka asione. Akanishika. Akauangalia ukanda, akauangalia mkono wake, kwa jicho lile lile la barazani. "Usibadilishe namba," akasema. "Ukanda haujakosea. Mimi ndiye niliyekosea. Ukinichapa, usinifuate mimi, fuata ukanda."

Kwa hiyo asubuhi ile ya ujumbe wa Ambele sikuhitaji kuuliza nani amechukua rangi yake. Niliiondoa poda ya simu, nikarudisha pua yake, nikarudisha ule mkunjo kati ya nyusi ambao wateja wake wote waliuogopa, na ngozi nikaipa namba ambazo mkono wangu unaziandika bila kufikiri. Nilichapa nikatoka nje. Jua la Vwawa lilikuwa zuri. Nikafunga duka, nikapanda gari la Ileje nikiwa nimepakata fremu iliyofungwa kwa kitenge, na njia nzima abiria waliniuliza ni kioo, nikasema ndiyo.

Ikinga kulikuwa na ukungu na baridi ya kwao. Nyumba imejaa watu, maharage yanachemka kwenye masufuria nje, kwaya inajaribu sauti. Ambele alinipokea, akafungua kitenge, akaitazama picha, akasema kwa wasiwasi, "Aunti, mbona mweusi hivi? Mwaka huu alikuwa mweupe." Niliichukua picha mikononi mwake. Niliingia ndani kwa mama yake Foibe, ambaye sasa ni kizee, amekaa kwenye mkeka amefunikwa sweta mbili. Nikapiga goti, nikamsalimia, nikampa pole, nikamwekea picha mapajani. Alisogea na fremu mpaka kwenye mwanga wa mlango. Kisha, bila mtu yeyote kumwambia, alipandisha mkono wa sweta la juu, akapandisha la chini, akaugeuza mkono wake mkavu na kuulaza kwa ndani pembeni ya shavu la mwanawe.

"Ndiye," akasema. Mkono aliuacha pale pale. Halafu akaninyanyulia macho. "Nani alikupa rangi yake?"

"Alinipa mwenyewe, mama."